Harufu Kutoka Kiti cha Nyuma

Jumatano, 3 Julai 1996

Homa Bay tena. Tumerudi. Mgongo unauma na mguu wa kulia unatetemeka kwa kupampu breki. Lazima nipampu mara kadhaa ndipo pedali ishike, na ikishika gari linavuta kushoto kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Hendibreki ilikufa zamani. Nikisimama penye mteremko, Auma anaruka nje na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Jiwe sasa ni abiria wa kudumu. Auma amelipatia jina la mjomba wake mmoja ambaye akija kutembea haondoki.

Auma ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu Rose. Ananunua samaki Homa Bay na kuwauza hapa Migori, ndiyo maana huandamana nasi. Lakini kazi yake kubwa ndani ya gari ni kukaa katikati. Mama mkwe akitaka kuniambia kitu anamwambia Auma, naye Auma ananiambia. Nikijibu, njia ni hiyohiyo. Sisi ni Wasabato na pasta alishahubiri kwamba mambo ya kumkwepa maro, yaani mama mkwe, ni ya wazee wa kale. Sote tulisema amina. Hakuna aliyebadilika. Yeye hukaa kiti cha nyuma, mimi mbele, na kile kioo cha ndani nimekigeuza kitazame dari ili macho yetu yasikutane. Mtu amenizalia mke. Siwezi kumkodolea macho safari nzima.

Kidonda cha mguu wa mama bado. Ni sukari. Daktari amerudia: kila Jumatano bila kukosa, kioshwe, kitazamwe, na mguu ule usikanyage chini. Tukizembea, mguu utakatwa. Alisema hivyo mbele ya mama mwenyewe, hata sauti hakupunguza. Rose amejifungua majuzi, hawezi kusafiri. Kwa hiyo ni mimi. Mimi na gari la marehemu kaka yangu, stesheni wagon iliyozeeka kabla yake yeye.

Sare za shule ninazoshona zimejaa mezani, hazijatiwa hata kifungo. Nimechoka. Kesho kwa fundi.

Alhamisi, 4 Julai

Fundi Odhiambo amefungua magurudumu ya nyuma, pale kwake karibu na daraja. Nilikuwa sijawahi kuona ndani. Ni shuu mbili kila upande, vyuma vilivyopinda kama mwezi mwandamo, na juu yake laining, ile ngozi ngumu ya kusugulia. Ukikanyaga pedali silinda inazisukuma, zinapanuka, zinaisugua kutoka ndani dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Ndiyo yote. Maisha ya watu yamekaa juu ya kitu kama hicho.

Kushoto: silinda inavuja, mafuta ya breki yamelowesha laining, inateleza kama mrenda. Kulia: laining imekwisha, chuma kinakwaruza chuma. Dramu ina mistari kama uso wa mzee. Yaani breki za nyuma hazikuwapo. Nimekuwa nikimbeba mama wa watu kwa breki za mbele na maombi.

Odhiambo akanipa njia tatu, na kila moja aliisifu kisha akaiharibu. Shuu zangu za zamani zigongwe laining mpya kwa rivet: nzuri, lakini yule wa kugonga rivet yuko mbali na hana haraka na dunia. Kununua mpya za boksi: nzuri, lakini siku hizi mpya ni jina tu. Kutafuta za gari lililochinjwa, lililovunjwa kuuzwa vipuri: nzuri, lakini huwezi jua zilimwua nani.

Tukabishana kuhusu silinda. Yeye alitaka abadilishe mpira wa ndani tu. Mimi nikasema silinda nzima, mbili, mpya. Nilishinda. Ushindi wenyewe ulinichosha kuliko kushindwa.

Nimeamua: za boksi. Jumatano haingoji mtu wa rivet.

Ijumaa, 5 Julai

Siku nzima nimezunguka mjini na shuu kuukuu ndani ya gazeti, watu wanadhani nimebeba samaki wa kukaushwa. Duka la kwanza hawana. La pili alinionyesha ya gari lingine kabisa na akakasirika nilipokataa. La tatu, nyuma ya soko, alinitia wasiwasi. Gari kama langu, alisema, lilitoka na aina mbili za breki za nyuma. Moja ina dramu kubwa kidogo, nyingine ndogo kidogo. Kwa nje huwezi kujua. Yangu ni ipi?

Nitajuaje?

Akatoa boksi, akalaza shuu mpya juu ya yangu. Matundu yakalingana. Mahali pa springi pakalingana. Upana, sawa. Lakini mpindo wa ile mpya niliuona kama umelala kidogo. Nikamwambia. Akacheka. "Hiyo ni unene ya laining tu, mzee. Hiyo yako si imekwisha?"

Jua lilikuwa limeshafika kwenye mapaa ya mabati. Jua likizama ni Sabato, sinunui wala siuzi, na yeye pia ni wa kanisa. Mkewe alishaanza kufagia kizingiti, fagio linagonga viatu vyangu makusudi. Jumapili anakwenda mazishini Kendu Bay, duka halifunguliwi. Dramu zangu ziko kwa Odhiambo, upande wa pili wa mji. Ningekimbia, nisingewahi.

Nikanunua. Nilinunua kwa sababu jua lilikuwa linazama. Hiyo si sababu ya kununua kitu, na nililijua hilo nikiwa bado nimesimama pale.

Jioni tumeimba. Mtoto amelia wimbo wote wa pili. Mimi nilikuwa nawaza mpindo.

Jumapili, 7 Julai

Odhiambo amefunga silinda mpya na shuu za boksi. Dramu ikakataa kuingia. Akatoa tupa, akakwangua ncha za laining. Ikakataa. Akakwangua tena. Ikakataa. Akachukua nyundo. Ikaingia, kama mdogo wa chifu anavyoingizwa kazini.

Nikaizungusha kwa mkono. Nzito. Inakwaruza njia yote. Nikamuuliza. "Kitu mpya lazima ibane, omera. Itajizoesha." Nikamwambia basi abadilishe na mafuta ya breki, yamekuwa meusi. Akachungulia kikombe cha mafuta hayo, akasema bado yako sawa, akaongeza kidogo juu. Nilitaka kubishana. Nikakosa nguvu. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi tangu asubuhi na sare za darasa la nne zinaningoja.

Lakini pedali imepanda juu, ngumu, inashika ukigusa. Gari halivuti tena kushoto. Hendibreki imeshika penye kilima pale juu ya mto, gari limesimama bila jiwe. Nimelitupa jiwe majanini. Auma ameliombolezea hadi watu wakageuka.

Nimefurahi. Naandika kwa sababu ni nadra.

Jumatano, 10 Julai

Wote wazima. Niandike hilo kwanza. Wote wazima.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Kwenye mteremko wa kushukia Homa Bay breki zilishika vizuri hata nikapiga mluzi, jambo ambalo halifanywi mbele ya maro. Kidonda kimeoshwa. Daktari alitabasamu, nyama imeanza kuwa nyekundu. Auma akabaki, samaki walikuwa wamechelewa kufika. Nendeni tu, atakuja na gari la jioni. Kwa hiyo tulirudi wawili. Mimi mbele, mama nyuma, katikati hakuna mtu.

Mimi niliusalimu usukani, yeye akalisalimu dirisha.

Baada ya Rodi niliona gari zito. Nikasema ni kilima. Baada ya Rongo bado zito. Nikasema ni mimi. Dirisha langu lilikuwa wazi, upepo wote usoni, sikunusa kitu. Mama alikohoa. Akakohoa tena. Nikadhani ni baridi, nikapandisha kioo cha mlango kidogo kwa heshima. Nikasikia kiti kinalia, amehamia upande wa pili. Sikugeuka. Kioo kilikuwa kinatazama dari.

Kabla ya Awendo, kwenye ule mteremko wa kijito, kulikuwa na trekta ya miwa mbele, imejaa, inatambaa. Nikakanyaga. Pedali ikaenda hadi chini, laini, kama kukanyaga maji. Nikapampu. Hakuna. Nikavuta hendibreki hadi ikafika mwisho. Hakuna. Kulia magari yanakuja. Kushoto miwa. Nikalipeleka kushoto.

Miwa ilitupokea. Ilipiga kioo na milango, ikavunjika, ikavunjika, kisha tukasimama.

Nilipotoka ndipo nikaona. Moshi mweupe kutoka magurudumu yote mawili ya nyuma. Nilifungua mlango na kumvuta mama nje kwa mkono. Nimemshika mama mkwe mkono, mbele ya watu wa trekta. Mguu wenye bendeji ulikanyaga tope la mtaro. Watu wakamwekea koti akalie. Akakaa, akanipa mgongo.

Alhamisi, 11 Julai

Rose ameniambia akinyonyesha, bila kuniangalia.

Mama aliisikia ile harufu tangu kabla ya Rongo. Kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Kisha akageuka na kuona moshi unatufuata nyuma. Alikohoa ili niulize. Alihama kiti ili nitazame. Sikuuliza, sikutazama. Naye akajiambia, mwenye gari anajua gari lake. Mtu hamwambii mkwewe kwamba kitu chake kinanuka.

Mkwe haambiwi kitu chake kinanuka! Tungekufa na adabu zetu.

Nimekasirika. Kwanza na yeye. Kisha na kile kioo. Kisha na Odhiambo, na wa dukani, na fagio la mke wake. Hasira imezunguka nyumba nzima, haikupata pa kukaa, ikarudi kwangu. Mimi ndiye niliyegeuza kioo. Yeye alikuwa na mdomo na mimi nilikuwa na macho, na vyote viwili tulivifunga kwa heshima.

Jioni, gari lilipofika likikokotwa, Odhiambo amefungua. Laining nyeusi, imekuwa kama ukoko wa ugali. Dramu zimegeuka rangi ya bluu. Mafuta ya breki yalichemka kwa joto, ndiyo maana pedali ilizama, na breki za mbele zikaondoka nayo. Akachukua shuu moja, akailaza ndani ya dramu yangu. Inagusa ncha mbili tu. Katikati unaweza kupitisha kidole. Ni shuu ya ile dramu kubwa. Odhiambo anasema kosa ni la duka. Duka litasema kosa ni la Odhiambo. Wote wawili wanasema kweli, na hakuna anayenisaidia.

Nimeshona nguo tangu nikiwa kijana kule Mombasa. Mteja akiniletea gauni kuukuu nilitumie kama kipimo, namrudisha. Nguo iliyovaliwa miaka imeshaachia, inadanganya. Namwambia lete mwili. Kila siku namwambia mtu hivyo. Halafu mimi nikaenda kununua kwa shuu iliyokwisha, na mwili wenyewe, dramu, nikauacha darajani.

Jumamosi, 13 Julai

Kanisani. Wametoa shukrani kwa ajili yetu. Mama alikaa upande wa wanawake, mguu juu ya benchi. Pasta akasema mkono wa Bwana ulikuwa kwenye miwa ile. Huenda. Nilisema amina. Sijalala vizuri wiki nzima.

Jumatano, 17 Julai

Gari bado liko juu ya mawe. Mama amekwenda Homa Bay kwa matatu pamoja na Auma. Kutembea hadi steji, kushuka, kupanda nyingine, kutembea hadi hospitali. Nilitaka kukodi gari la jirani, limekwenda Macalder kubeba wachimbaji wa dhahabu.

Auma amerudi peke yake. Daktari amemlaza mama. Tope la wiki iliyopita liliingia, na leo kwa kutembea amelishindilia zaidi. Mguu umevimba hadi kwenye kifundo.

Auma hakufanya mzaha wowote leo. Ndivyo nilivyojua kwamba hali ni mbaya.

Ijumaa, 19 Julai

Wamekata kidole. Kile cha mwisho. Daktari anasema huenda ikaishia hapo, huenda isiishie. Akitoka, mguu usiguse ardhi. Kutoka mlango wa gari hadi mlango wa nyumba abebwe. Na kila Jumatano arudi, kama kawaida. Mguu mzima sasa unategemea Jumatano.

Rose amelia. Mimi sikulia. Nimeshona kola ya shati ndani nje, nikaifumua, nikaishona tena ndani nje.

Jumatatu, 22 Julai

Homa Bay, na dramu yangu ndani ya gunia. Konda aliuliza kama ni ngoma ya mazishi.

Kuna bwana anachinja magari njia ya kushukia ziwani. Ana moja kama langu, lilipigwa mbele, nyuma halina hata mkwaruzo. Akanipa shuu zake. Akaapa zinaingia. Nikamwambia kila mtu ananiapia. Nikatoa chaki yangu ya kushonea, nikaipaka juu ya laining yote, nikailaza shuu ndani ya dramu yangu na kuizungusha. Nikaitoa. Chaki ilikuwa imefutika hapa na pale, ikabaki hapa na pale. Mpindo ni wenyewe, aina ndiyo hii. Ila dramu yangu ina mistari, ina ukingo, imeungua. Haikai na kitu.

"Peleka kwa mashine ikachongwe," akasema.

Nilikaa juu ya injini yake moja na kufikiri hadi akachoka kunitazama. Nikichonga dramu, inapanuka. Ikipanuka, shuu zinapwaya, tumerudi palepale kwa mlango mwingine. Huchongi mwili ili nguo ikae.

Nikamwambia anifungulie dramu zake mbili pia. Akalalamika, nati zilikuwa na kutu. Akafungua. Nikapaka chaki shuu zote nne, kila moja nikaizungusha ndani ya dramu yake. Chaki ikafutika yote, ncha hadi ncha, katikati pia. Zimezeeka pamoja, zinajuana. Laining imebaki nusu, nusu sawasawa kulia na kushoto. Yule bwana mwenyewe alisema nitafute mpya, nusu ni nusu. Nikamwambia nusu ya kweli inanitosha. Mpya nilishanunua.

Springi zake zilikuwa zimechoka, nikaziacha. Hizo zitakuwa mpya. Silinda ni zile nilizoweka, mpira wake ubadilishwe kwa sababu ya joto. Mafuta ya breki mapya, yote, hakuna kuongeza juu. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze sikuona haraka.

Kisha hospitali. Mkwe hakaribii kitanda cha maro wake, hata pasta hajagusa hilo. Nikasimama mlangoni mwa wodi na gunia langu. Mama alikuwa kitanda cha mbele, mguu juu ya mto. Amekonda. Auma akasimama katikati yetu.

Nikamwambia Auma: mwambie mama gari linatengenezwa. Auma akamwambia, ingawa alikuwa amesikia. Mama akamwambia Auma: mwambie Wuon Achieng asikimbie. Wuon Achieng ndiye mimi, baba wa binti yangu mkubwa. Kisha nikasema lile nililolibeba toka Migori, zito kuliko gunia. Mwambie mama, siku nyingine akisikia harufu, aseme.

Auma akasita. Akasema.

Mama aligeukia ukuta. Manesi walipita na sinia zao. Nikaaga, nikaondoka. Nilikuwa nimemwaibisha mtu mzima aliyelazwa, aliyekatwa kidole kwa ajili ya shuu zangu. Nimejiona mjinga. Lakini ningelisema tena.

Alhamisi, 25 Julai

Nimefunga duka langu la kushonea, nikaketi karibu na Odhiambo mwanzo hadi mwisho. Alipotoa tupa nilimtazama, akairudisha. Haikuhitajika. Dramu iliingia kwa mikono, bila nyundo, ikatoa mlio mdogo kama kifuniko cha mkebe wa chai. Nikaizungusha. Inanong'ona. Upande wa pili, mnong'ono uleule.

Tumemwaga mafuta yote ya breki. Yalikuwa kama kahawa. Odhiambo aliyatazama, akanitazama. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Hii ilikuwa tubadilishe ile siku." Nikamwambia ndiyo. Basi. Sina nguvu ya kumchukia mtu ninayemhitaji.

Jumapili, 28 Julai

Nimepakia magunia ya mahindi nyuma, uzito wa mama na zaidi, nikapanda na kushuka kilima cha mto tangu asubuhi. Kila nikisimama nashuka, nagusa dramu kwa kiganja. Vuguvugu. Kama chapati iliyofunikwa. Kulia na kushoto, sawa. Wapita njia wamezoea kuona mtu anapapasa magurudumu yake, wengine wamenipa pole.

Jioni nimeingia garini peke yangu na kushika kioo. Nilikaa nacho muda. Nikakigeuza chini hadi kikaona dirisha la nyuma na barabara. Atakayekaa kushoto ataonekana pembe ya kilemba. Uso hautaonekana. Nadhani hata babu yangu angevumilia pembe ya kilemba.

Rose amekiona. Amenyamaza. Kwa Rose kunyamaza ni ruhusa.

Jumatano, 31 Julai

Tumemleta mama nyumbani.

Daktari anasema nyama imefunga vizuri pale, vidole vingine vina uhai. Mguu upo. Wauguzi wamembeba hadi garini. Alikaa kushoto, mguu kwenye kiti, na Auma mbele karibu nami na beseni lake la samaki miguuni. Mama aliona kioo. Najua aliona kwa sababu alitengeneza kilemba.

Kimya hadi Rodi. Kimya hadi Rongo. Auma alijaribu kusema hili na lile, likafa. Gari lilikuwa jepesi. Breki zilishika kila mahali nilipoziomba, polepole, bila kelele.

Karibu na Awendo, si mbali na ile miwa tuliyoivunja, sauti ikatoka nyuma. Haikupitia kwa Auma. Auma alikuwepo, yuko macho, mdomo wake ukabaki wazi.

"Wuon Achieng. Kuna harufu."

Nikasimama. Nikashuka, nikagusa dramu ya kushoto, nikagusa ya kulia. Vuguvugu. Nikainua kichwa na kuuona moshi ng'ambo ya barabara. Walikuwa wanachoma shamba kabla ya kukata miwa. Nikarudi hadi dirishani kwake, nikatazama chini, nikamwambia yeye mwenyewe. "Ni miwa, mama. Wanachoma shamba."

"Aa," akasema.

Tukaenda. Baada ya Awendo akasema tena. Nikasimama tena, nikagusa tena. Walikuwa samaki wa Auma. Auma alicheka hadi akalia, na nyuma nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa miaka yote niliyooa nyumba ile. Mama mkwe wangu anacheka.

Mara ya tatu tulikuwa tumeshaliona daraja la Migori. "Harufu," akasema. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na upepo. Sikunusa kitu. Auma alinusa, akanitikisia kichwa.

Nilisimama. Nikashuka, nikayagusa magurudumu yote manne, moja baada ya jingine, bila haraka, ili aone. Nikarudi. "Hakuna kitu, mama."

"Ber," akasema. Vema. Tukavuka daraja.